Nani Ashike Ufunguo? Programu Huria, Hifadhi ya Wingu na Faragha kwa Mfano wa Stockholm

Mwaka 1986 ulileta katika mji wa Stockholm mambo mawili ambayo wenyeji wa wakati ule hawakuona uhusiano baina yake, lakini mtu anayetaka kulifahamu suala la faragha katika zama zetu hana budi kuyatazama kwa pamoja. La kwanza lilizuka mwezi wa Februari, pale gazeti la Dagens Nyheter lilipofichua kwamba watafiti wa elimu ya jamii wa Chuo Kikuu cha Stockholm, katika mradi uliojulikana kwa jina la Metropolit, walikuwa kwa miaka mingi wakikusanya ndani ya kompyuta habari za watu zaidi ya 15,000 waliozaliwa mwaka 1953 na kukulia katika mji huo na viunga vyake, tangu alama zao za shule hadi maradhi yao, makosa yao mbele ya sheria na misaada waliyopewa wazazi wao, ilhali wahusika wenyewe, ambao kufikia hapo walikwisha kuwa watu wazima wenye watoto wao, hawakuwa na habari. La pili lilitukia tarehe 30 Oktoba, pale Mmarekani Richard Stallman alipohutubia katika chuo cha ufundi cha KTH, akiwaeleza wasikilizaji wake kwa nini aliona ni dhuluma mtu kuuziwa programu ya kompyuta asiyoruhusiwa kuichungulia, kuirekebisha wala kumpa jirani yake. La kwanza lilijaza magazeti na kuwatia watu ghadhabu, hata daftari la Metropolit likaondolewa majina. La pili lilisikilizwa na wanafunzi na mafundi, wakaenda zao.

Walioghadhibishwa na Metropolit walidai kwamba mtu asikusanyiwe habari zake bila idhini yake, na Stallman alidai kwamba mtu asitawaliwe kompyuta yake bila idhini yake. Na kwa muda wa miaka ishirini hivi madai hayo yaliendelea kila moja kwa njia yake, la kwanza likishughulikiwa na mawakili na wabunge, la pili na waandishi wa programu, kwa sababu daftari la serikali na kompyuta ya mezani vilikuwa vitu viwili mbalimbali. Siku hizi vimekuwa kitu kimoja. Picha za harusi, barua za mkwe, hesabu za duka, ripoti ya daktari na alama za mtoto vimehamia katika seva za makampuni, na programu zinazovifungua zimehamia huko huko. Basi anayeuliza habari za faragha yake anauliza papo hapo habari za programu ya mtu mwingine. Rai ya makala haya ni kwamba mzozo mzima, ukishaondolewa pambo lake, unarudi kwenye maswali mawili: ni nani anayeshika ufunguo wa kilichohifadhiwa, na ni nani mwenye uwezo wa kumlazimisha mshika ufunguo huyo afungue.

Sweden inafaa kuwa mfano kwa sababu ina historia ndefu ya kushughulikia madaftari. Mwaka 1766 sheria yake ya uhuru wa magazeti ilimpa raia haki ya kusoma nyaraka za serikali, na mpaka leo mtu aweza kupiga simu katika ofisi ya kodi akauliza jirani yake alipata mapato kiasi gani mwaka uliopita, naye akajibiwa bila ya kuulizwa yeye ni nani wala anataka kujua kwa nini. Mwaka 1947 ulianzishwa utaratibu wa kumpa kila mkaazi namba yake, na namba hiyo ikawa uzi unaounganisha hospitali, benki, shule na kodi. Kwa mtu aliyelelewa katika sitara ya nyumba za pwani, ambako hata ua hujengwa ili mpita njia asione kilichomo, hali hii yaonekana kama kukosa haya. Walakini Waswidi hawakuacha kujali faragha, bali waliiweka mahali pengine. Sensa ya mwaka 1970 ilipozusha manung'uniko kwa kuwa majibu yake yalikuwa yaingizwe katika kompyuta, suala hilo lilichunguzwa na tume ya serikali, na mwaka 1973 Bunge la Sweden likapitisha Datalagen, sheria ya kwanza ya taifa lolote duniani ya kulinda habari za watu ndani ya kompyuta, iliyotanguliwa tu na sheria ya jimbo la Hesse, Ujerumani, ya mwaka 1970. Kilichodaiwa na sheria hiyo ni kwamba kila daftari lijulikane lipo, mshika daftari ajulikane ni nani, na shughuli yake isipite mpaka uliotajwa. Ofisi iliyoundwa kuisimamia yaendelea na kazi mpaka leo, na tangu mwaka 2021 inaitwa Integritetsskyddsmyndigheten, kwa kifupi IMY.

Upande wa programu nao haukukosa Waswidi. Msingi uliowekwa na Stallman wa kile kiitwacho programu huria ni haki nne: kuitumia programu kwa shughuli yoyote, kuuchunguza msimbo wake na kuubadilisha, kuigawa kwa wengine, na kuwagawia pia mabadiliko uliyoyafanya, na leseni ya GPL ya mwaka 1989 ikazifunga haki hizo kisheria ili asiweze kuja mtu wa baadaye akazifuta. Hifadhidata ya MySQL, iliyobeba tovuti nyingi za dunia, ilitoka katika kampuni iliyoanzishwa Sweden mwaka 1995. Daniel Stenberg, anayeishi kando ya Stockholm, alitoa mwaka 1998 programu ndogo iitwayo curl, ambayo kazi yake ni kuchukua na kupeleka data mtandaoni, na leo imo ndani ya simu, magari, televisheni na seva zisizohesabika, kiasi kwamba msomaji wa makala haya yaelekea ameitumia leo bila ya kulijua jina lake. Kwa kazi hiyo alipewa tuzo ya uhandisi ya Polhem ya mwaka 2017. Na sisi wasemao Kiswahili tuna sehemu yetu katika historia hiyo: mradi wa Kilinux, ulioendeshwa na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pamoja na kampuni ya Kiswidi ya IT+46, ulitoa mwaka 2004 Jambo OpenOffice, programu za ofisi zilizotafsiriwa kwa Kiswahili, jambo lililowezekana kwa sababu msimbo wake ulikuwa wazi na hapakuwa na haja ya kumwomba mwenye mali ruhusa.

Lakini haki hizo nne zilitungwa kwa ajili ya programu inayokaa ndani ya kompyuta yako, na hapa ndipo hifadhi ya wingu, yaani huko kwenye seva za makampuni, ilipoleta matata ambayo wengi hawakuyatazamia. Kampuni yaweza kuchukua programu huria, ikaiweka katika seva zake, ikairekebisha itakavyo, kisha ikakupa dirisha tu la kuchungulia. Hukupewa nakala ya programu, hivyo leseni ya GPL haikudai upewe msimbo, na hata ungepewa, ungejuaje kwamba msimbo uliopewa ndio unaokwenda katika seva ile? Mwaka 2007 ilitolewa leseni ya GNU AGPL, inayomtaka mwenye seva awape watumiaji wake msimbo alioubadilisha, nayo iliziba ufa mmoja. Ufa wa pili, yaani kwamba data yenyewe imelala katika diski ya mtu mwingine, hakuna leseni ya programu iwezayo kuuziba.

Na diski hiyo ina mahali pake. Chini ya mwamba wa Vita Bergen, katika kisiwa cha Södermalm, kiasi cha mita 30 kwenda chini, limo pango lililochimbwa zamani kwa ajili ya ulinzi wa raia, ambalo kampuni ya Bahnhof ililigeuza na kulifungua mwaka 2008 kuwa ghala la data liitwalo Pionen: mgeni hupita mlango mzito wa chuma, akakuta mimea na maji yanayoporomoka chini ya taa, na safu za seva, na kando yake injini za dizeli zilizotengenezwa kwa ajili ya nyambizi za Kijerumani, zikingoja umeme ukatike. Humo ndimo zilimowekwa mwaka 2010 seva za WikiLeaks, tovuti iliyofichua nyaraka za siri za serikali. Joto la seva katika baadhi ya maghala ya mji huo huuzwa kwa shirika la Stockholm Exergi, likapitishwa katika mabomba na kupasha nyumba za watu wakati wa baridi. Kwa hiyo kilichohifadhiwa hakielei hewani: kimo katika jengo lenye anwani, lenye mwenyewe, lililo chini ya mamlaka ya dola fulani, na amri ya mahakama au ya waziri, kama vile mvua na moto, huja kwenye anwani.

Pamoja na hayo yote watu wameipokea huduma hii kwa mikono miwili, na itakuwa ni kiburi kuwaona wajinga. Simu huibwa ndani ya basi, kompyuta humwagikiwa chai, na diski huharibika bila ya kutoa taarifa. Anayeishi Rinkeby au Kista, mitaa ya Stockholm, huku mama yake akiishi Tanga anataka picha ya mjukuu ifike usiku ule ule, na asingependa kujifunza elimu ya seva ili kuifikisha. Wakati Google ilipotoa Gmail mwaka 2004 na kumpa kila aliyejiunga nafasi ya gigabaiti moja bila malipo, zawadi hiyo ilikuwa kubwa hata baadhi ya watu walidhani ni mzaha, kwa kuwa ilitangazwa siku ya kwanza ya Aprili. Gharama yake ilikuwa ni kwamba barua zilisomwa na mashine ili matangazo yalingane na maneno yaliyomo, desturi ambayo kampuni hiyo ilitangaza mwaka 2017 kwamba itaiacha. Picha nazo zilipokewa bila kikomo wala malipo katika Google Photos hadi tarehe 1 Juni 2021, ambapo mlango huo ulifungwa; na mtu aliyezoea kupakia picha zake huko, asiye na nakala mahali pengine, nafasi yake ya bure ikijaa kwa picha mpya, hakuwa na la kufanya ila kulipa au kufuta. Hakuna mkataba uliovunjwa hapo. Aliyetoa bure ana hiari ya kuacha kutoa, na hiyo ndiyo hatari ya bure.

Waungwana wa pwani walikuwa na desturi inayoweza kutupatia kipimo. Mtu akisafiri aliweza kumwachia mtu mwaminifu kasha lake kuwa amana, na mafakihi waliweka hukumu zilizo wazi: mwekewa amana hatozwi kitu kikipotea bila ya taksiri yake, lakini akikitumia kwa manufaa yake mwenyewe bila ya idhini, hapo dhamana inamwangukia, hata kingepotea kwa moto au mafuriko. Tukilichukua kasha hilo kuwa kipimo, twaona kwamba huduma za wingu za bure zimechanganya mambo ambayo desturi ile iliyatenganisha, kwa kuwa mwekewa hujipa katika mkataba mrefu ruhusa ya kutumia, kisha katika mkataba ule ule akajivua dhamana ya upotevu. Dawa zilizojaribiwa ni nne, na kila moja hulishika suala kwa upande wake.

Dawa ya kwanza ni sheria. Tangu tarehe 25 Mei 2018 kanuni ya data ya Umoja wa Ulaya imewapa raia haki ya kujua, kusahihisha, kufuta na kuhamisha habari zao, na kuzipa ofisi kama IMY uwezo wa kutoza faini nzito. Lakini sheria humfunga mshika ufunguo, haimfungi mfalme wa mshika ufunguo. Mwezi wa Machi 2018 Marekani ilipitisha sheria iitwayo CLOUD Act, inayozitaka kampuni zilizo chini ya mamlaka yake kutoa data iliyo mikononi mwake popote pale ilipolazwa; na Desemba mwaka huo huo Amazon ikafungua kanda ya seva zake inayoitwa Stockholm, ambayo majengo yake yamo katika miji ya jirani. Ardhi ni ya Sweden, na umeme pia, ilhali anayeamuriwa yuko Marekani. Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, kwa mashitaka ya Mwaustria Max Schrems, ilibatilisha mapatano ya kupeleka data Marekani mara mbili, mwaka 2015 na mwaka 2020, na mapatano ya tatu yakaanza Julai 2023. Katikati ya kuvutana huko, mwaka 2021 ofisi ya kodi ya Sweden pamoja na ofisi ya ukusanyaji madeni zilitamka kwamba haziwezi kutumia Microsoft Teams kwa kazi zao, kwa hoja kwamba siri za raia zingeweza kufika katika mikono isiyostahili. Mwaka 2023 sheria ya siri za serikali ililegezwa ili ofisi iweze kumkabidhi mtoa huduma habari za siri kwa shughuli ya kiufundi tu, na ushindani kati ya urahisi na tahadhari ukabaki pale pale.

Asije mtu akadhani, hata hivyo, kwamba ukaribu peke yake ni usalama. Mwaka 2015 wakala wa uchukuzi, Transportstyrelsen, ulikabidhi mitambo yake kwa IBM kwa haraka iliyopita kiasi, hata mafundi wa nchi nyingine ambao hawakuwa wamechunguzwa wakapata njia ya kuzifikia habari nyeti. Mkurugenzi mkuu alipoteza kazi na kutozwa kroni 70,000, na Julai 2017 mawaziri wawili wakaacha nyadhifa zao. Mwezi wa Februari 2019 iligunduliwa kwamba simu milioni 2.7 zilizopigwa na wagonjwa kwa namba ya ushauri wa afya, 1177, zilikuwa zimerekodiwa na kulazwa katika seva isiyohitaji hata nenosiri, kiasi kwamba kila aliyeijua anwani aliweza kumsikia mtu akieleza maumivu yake na kuitaja namba yake ya ukaazi. Mkosaji hapo hakuwa jasusi wa kigeni wala kampuni kubwa ya California. Alikuwa mkandarasi wa mkandarasi, na hakuna aliyeangalia. Dola yenyewe nayo si malaika: sheria ya mwaka 2008 iliyoiruhusu FRA, taasisi ya upelelezi wa mawasiliano, kuchuja mawasiliano yapitayo katika nyaya za mipakani ilifikishwa mbele ya Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu, nayo tarehe 25 Mei 2021 ikaona kwamba kinga zilizowekwa kwa raia hazikutosha.

Dawa ya pili ni programu huria, na kisa chake kizuri kabisa ni cha Stockholm yenyewe. Mwaka 2018 mji huo ulizindua Skolplattformen, mfumo wa shule uliogharimu zaidi ya kroni bilioni moja, uliokusudiwa kuwaunganisha walimu, wanafunzi na wazazi; lakini mzazi aliyetaka kujua jambo dogo tu, kama mtoto wake ana mazoezi ya viungo kesho au kuna chakula gani, alilazimika kupita katika kurasa nyingi zilizopangwa ovyo. Mwezi wa Novemba 2020 Baraza la Elimu la mji lilitozwa faini ya kroni milioni 4, kwa kuwa mfumo huo uliacha wazi habari ambazo hazikupaswa kuonekana, zikiwamo za wanafunzi wenye hifadhi ya utambulisho. Mzazi mmoja, Christian Landgren, ambaye ni mwandishi wa programu, akaungana na wenziwe, wakachunguza namna mfumo ule unavyozungumza na seva, na Februari 2021 wakatoa programu yao ya simu, Öppna Skolplattformen, nyepesi, yenye msimbo ulio wazi kwa kila mtu. Mji ukaja juu: ukabadilisha mitambo ili programu hiyo ishindwe, nao wazazi wakarekebisha, mji ukabadilisha tena, wakarekebisha tena, kisha ukapeleka malalamiko polisi kwa hofu ya data za watoto. Polisi walichunguza wakafunga jalada kwa kutoona kosa, na Septemba 2021 mji ukakubali kuweka utaratibu wa leseni.

Kisa hiki kina mafunzo mawili, na la pili husahauliwa. La kwanza ni kwamba uwazi wa msimbo ulikuwa hoja yenye nguvu kuliko ahadi: waundaji walisema data hupita kati ya seva ya mji na simu ya mzazi bila ya kituo cha kati, na yeyote mwenye ujuzi aliweza kuusoma msimbo akahakikisha, ilhali mfumo wa bilioni moja haukuwa na mlango wa mzazi kuingia na kukagua. La pili ni kwamba wazazi hao waliboresha dirisha tu. Daftari lilibaki katika seva za mji, na kasoro zilizosababisha faini zilikuwa ndani ya daftari, mahali ambapo programu yao haikuweza kufika. Tena uwazi si sawa na kukaguliwa. Kasoro ya Heartbleed, iliyotangazwa Aprili 2014, ilikaa miaka miwili ndani ya OpenSSL, programu huria iliyotegemewa na sehemu kubwa ya mtandao, bila ya mtu kuiona. Na mlango wa siri uliopenyezwa katika programu ya xz ulifichuka Machi 2024 kwa sababu mhandisi mmoja alishangaa kuona kompyuta yake inachelewa kidogo, akaufuatilia msimbo mpaka akaukuta. Uwazi humpa mkaguzi nafasi. Haumwajiri wala haumlipi mshahara.

Dawa ya tatu ni mtu kujiwekea seva yake. Programu kama Nextcloud, iliyoanzishwa Ujerumani mwaka 2016, humwezesha mtu kuwa na ghala lake la picha, kalenda na faili katika kompyuta ndogo chumbani mwake, au katika seva aliyoikodi. Hapa ufunguo umemrudia mwenyewe, lakini pamoja nao imemrudia kazi ya ulinzi: kusasisha programu usiku wa manane kasoro inapotangazwa, kuweka nakala za akiba mahali pengine, na kukumbuka kwamba mwizi na moto havichagui nyumba. Hata mabingwa hupatwa, kwa kuwa moto uliolipuka katika ghala la OVH mjini Strasbourg Machi 2021 uliteketeza data za wateja ambao hawakuwa na nakala kwingineko. Njia hii yafaa kwa mwenye ujuzi, na yafaa zaidi kwa chama, chuo au wilaya inayoweza kuajiri fundi. Kumwambia kila mpishi na kila dereva wa basi awe msimamizi wa seva ni kuwapa watu faragha kwa sharti wasiloweza kulitimiza.

Dawa ya nne ni kufunga kabla ya kukabidhi, yaani faili kusimbwa kwa fiche ndani ya kompyuta ya mwenyewe, kwa ufunguo usiotoka humo, ndipo lipelekwe katika seva ya yeyote. Naye mwekewa hubaki na kasha asiloweza kulifungua, hata akiamriwa. Programu huria kama Cryptomator hufanya kazi hiyo bila malipo. Nguvu ya mwekewa asiye na cha kutoa ilionekana tarehe 18 Aprili 2023, pale polisi wa Sweden walipoingia na hati ya upekuzi katika ofisi ya Mullvad mjini Göteborg, kampuni inayouza huduma ya kuficha mapito ya mtu mtandaoni, wakitaka kompyuta zenye habari za wateja. Waliondoka mikono mitupu, kwa kuwa kampuni haiziweki habari hizo, na kisichokuwepo hakitwaliwi. Lakini hapa programu huria huonesha thamani yake ya pekee. Apple iliwapa wateja wake mwaka 2022 hiari ya kusimba karibu kila kitu katika iCloud kwa ufunguo wao wenyewe, kisha Februari 2025 ikaiondoa hiari hiyo kwa wateja wa Uingereza, baada ya serikali ya huko kudai ipatiwe njia ya kuingia. Kufuli linalotolewa na kampuni laweza kuondolewa na kampuni. Programu huria ambayo nakala yake imo mikononi mwa watu wa kila nchi haina mlango mmoja wa kugongwa na waziri. Mapungufu ya njia hii nayo yasifichwe. Anayepoteza ufunguo amepoteza kila kitu, na hakuna ofisi ya kumlilia. Tena hata kasha lililofungwa hutoa habari, kwa kuwa mwekewa hujua ni la nani, lina uzito gani, na hufunguliwa saa ngapi.

Wapinzani wa njia hii wana hoja yenye uzito, na haifai kuipita kwa dharau. Ylva Johansson, Mswidi aliyekuwa kamishna wa mambo ya ndani wa Umoja wa Ulaya, alipendekeza Mei 2022 kanuni ya kuzitaka huduma za mawasiliano zitafute picha za udhalilishaji wa watoto, na serikali ya Stockholm, iliyoelemewa na magenge yanayowaajiri vijana wadogo kwa mauaji kwa kupitia simu, ilitaka huduma za jumbe zilizosimbwa kama Signal zihifadhi jumbe hizo ili polisi wazipate. Anayekana kwamba uhalifu huo upo hasemi kweli. Lakini jibu lililotolewa mwaka 2025 halikutoka kwa wanaharakati peke yao: rais wa Signal, Meredith Whittaker, alisema angeiondoa huduma hiyo Sweden kuliko kuidhoofisha, na jeshi la Sweden lenyewe liliiandikia serikali kwamba sharti hilo haliwezi kutimizwa bila ya kuacha nyufa ambazo maadui watazitumia. Ufunguo wa pili hauchagui mikono, na dola inayoutaka kwa ajili ya mhalifu wake huwa imeuchonga pia kwa ajili ya jasusi wa jirani yake.

Kwa mtu binafsi, hukumu inayotokana na haya yote ni ya wastani. Vitu vyake si vya daraja moja: picha za sherehe zinahitaji nakala ya pili kuliko zinavyohitaji siri, barua na hesabu zinahitaji mkataba ulio wazi, na vyeti, ripoti za daktari na maneno ya ndani ya nyumba yafaa yasimbwe kabla hayajaondoka mkononi. Mfano ulio karibu ni WhatsApp, ambayo jumbe zake husimbwa njiani, lakini nakala zake za akiba zinazolazwa katika Google Drive au iCloud zilikuwa hazina kinga hiyo. Tangu mwaka 2021 kuna chaguo la kuzisimba, nalo halijiwashi lenyewe. Mwenye simu huingia katika mipangilio, kisha gumzo, kisha nakala za akiba, akawasha kinga na kuweka nenosiri lake. Asipofanya hivyo, mazungumzo aliyodhani yamefungwa yana mlango wa nyuma alioujenga kwa kusahau.

Kwa nchi zetu hukumu ni nzito zaidi. Kenya na Uganda zilipata sheria za kulinda data mwaka 2019, na ya Tanzania ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, ikiwa na tume yake. Sheria hizi ni jambo jema, lakini tumeona kwamba nchi iliyokuwa nayo tangu mwaka 1973 haikusalimika na taksiri wala na amri za dola nyingine. Sheria hufika baada ya tukio, kwa faini. Mkataba hufika kabla yake. Basi kila wizara inayotaka kukabidhi daftari la wananchi kwa mwenye seva ingepaswa kuuliza kabla ya kutia saini: ufunguo utakaa kwa nani, ni mahakama ya nchi gani iwezayo kumwamuru aufungue, je, msimbo wa mfumo huo utakaguliwa na watu wetu wenyewe, na wakaguzi hao watalipwa na nani, na siku tukitaka kuhama, data yetu itatoka kwa sura inayosomeka na programu nyingine, kwa muda gani na kwa gharama gani? Swali la mwisho ndilo lenye meno, kwa sababu mtoa huduma anayejua kwamba mteja wake aweza kuondoka huwa na sababu ya kutenda wema ambayo hakuna tume iwezayo kumpa. Na pa kuanzia ni shuleni na hospitalini, kwa kuwa huko ndiko wananchi wasikokuwa na hiari: mwenye picha aweza kuhama huduma akichukizwa, ama mtoto hawezi kulikataa daftari la shule yake, wala mgonjwa jalada la hospitali aliyopelekwa.